Kuuliza Mwamba Kabla ya Konokono

Niliajiriwa maabara kuhesabu mayai ya kichocho kwenye mikojo ya watoto wa skuli, lakini kazi iliyoniingia moyoni ilikuwa ya mitoni: kuokota konokono, ambao baadhi yao hubeba ugonjwa huo. Buti za mpira, chujio la mpini mrefu, na mkobani vipimo viwili, kimoja cha pH (kiwango cha asidi), kingine cha kupima maji yanavyopitisha umeme, yaani chumvichumvi zilizoyeyuka ndani yake. Wenzangu wengi waliviona vipimo hivyo pambo tu. Konokono anataka maji machafu, walisema, basi.

Sikukubali, na hadi leo sikubali. Konokono hujenga gamba kwa kalsiamu, na sehemu kubwa huifyonza kwenye maji yenyewe. Maji yakiwa na chokaa haba, hukua polepole na gamba huwa jembamba. Yakiwa na asidi, gamba hulika kuanzia nchani, sehemu kongwe, ambako utando wa juu umeshachubuka. Wa namna hiyo ukimbinya kwa vidole humeguka. Mwingereza A. E. Boycott aliandika mwaka 1936 kwamba kwao ziko spishi zisizoonekana penye kalsiamu chini ya miligramu 20 kwa lita. Tarakimu hiyo ni ya Uingereza, siilazimishi kwetu Unguja, lakini ilinizoesha kuuliza mwamba kabla ya konokono.

Na Unguja ina majibu yake. Makunduchi, kusini, ni maweni, chokaa tupu. Ungedhani huko ndiko kwao konokono. Kumbe mvua huzama mapangoni, mito hakuna, na konokono Bulinus nasutus anayeishi kwenye madimbwi ya kusini habebi kichocho kisiwani kwetu. Kinyasini, kwenye mabonde ya mpunga, udongo hushika maji, na Bulinus globosus, mwenye lawama hasa, hupata pa kukaa. Chokaa bila maji ya kutuama haimfai kitu.

Vijana mlioshika kazi hii sasa, nawaomba jambo moja: andikeni saa kando ya pH. Juani, mwani na magugu hufyonza hewa ya ukaa iliyomo majini, na pH ya dimbwi lilelile hupanda kufikia alasiri. Namba ya asubuhi ya Kinyasini na namba ya alasiri ya kijiji cha pili hazilinganishwi.