Mdogo Wetu Alipotaka Kuiacha Sheria



Leo hatuzungumzi gauni wala shungi. Tunataka kuwahadithia jambo lililotukosesha usingizi mwaka jana, kwa sababu tunajua wapo kati yenu mlio vyuoni, na wapo mnaowalipia wadogo zenu ada kama sisi.

Sisi ni ndugu wawili. Tulimaliza kidato cha nne, tukachukua kozi ya ushoni, na sasa tuna duka la nguo za maharusi hapa Unguja mjini. Mdogo wetu wa mwisho alifaulu vizuri skuli, akaingia chuo kusomea sheria. Ada yake ilitoka kwenye cherehani. Msimu wa Idd na harusi za Mfunguo Mosi tulikuwa tukilala saa nane za usiku, na tukichoka tunaambizana, "Haidhuru, tunashona joho la wakili." Wateja wakimuulizia, tunajibu, "Wakili wetu hajambo."

Shahada ya sheria ni miaka minne. Alikuwa mwaka wa tatu aliporudi likizo, akakaa dukani siku tatu hasemi kitu. Siku ya nne, tunatia shanga gauni la biharusi, akasema, "Dada zangu, mimi sheria nataka kuiacha. Nifundisheni kushona."

Tulihamaki. Mmoja wetu akaanza kumhesabia ada, mwaka kwa mwaka. Mwengine akamwambia hajui shida. Alitusikiliza mpaka tukanyamaza, kisha akauliza, "Mnataka mimi niwe wakili, au mnataka nyinyi muwe na wakili?"

Hatukuwa na jibu. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumempandisha yeye ngazi tuliyoikosa sisi.

Shangazi yetu aliposikia akasema, "Si ana mchumba? Aolewe, yaishe." Hilo nalo hatukulikubali. Ndoa ni ibada, si pahala pa kukimbilia mitihani.

Katika ushoni kuna jambo tunalowafundisha wasichana wetu: usifumue nguo usiku. Ukiwa umechoka, kila mshono unauona umekwenda upande. Asubuhi ukiitazama, pengine kilichoharibika ni mkono mmoja tu. Basi tukamwacha alale siku kadhaa, kisha tukamuuliza kwa upole: kilichokushinda ni gauni zima, au ni mkono?

Akatueleza. Chuoni kuna mazoezi ya mahakama ya kuigiza, mwanafunzi anasimama kutetea kesi mbele ya wenzake. Yeye akisimama sauti inakatika, na siku moja alitoka akaenda kulia chooni. Lakini somo la mikataba analipenda. Tukashangaa, maana tulidhani sheria yote ni kusimama mahakamani.

Alikuwa ameshasali istikhara, akangoja ndoto, ndoto haikuja. Tukamkumbusha kuwa istikhara si kungoja ndoto. Unasali rakaa zako mbili, unaomba, unataka shauri kwa wanaojua, kisha unapiga hatua na kumwachia Mola afungue au afunge. Tukampeleka kwa mteja wetu wa zamani, mama anayefanya kazi za sheria. Akamwambia wapo wanasheria wasioonekana mahakamani kabisa: wanaandika mikataba, wanasajili makampuni, wanafundisha, wanawaelekeza kina mama kuhusu mirathi na matunzo ya watoto.

Likizo hiyohiyo harusi moja ikavunjika. Gauni tumeshalikata, familia inataka pesa yake ya awali, na sisi hatuna hata karatasi. Mdogo wetu akatuandikia hati ya ukurasa mmoja: vipimo, bei, malipo ya awali, tarehe ya kuchukua, na itakuwaje harusi ikiahirishwa. Akatukumbusha kuwa aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Suratul Baqara aya ya 282, inahusu kuandikiana madeni. Tumeisoma tangu chuoni kwa maalim, na daftari letu la wateja lilikuwa halina saini hata moja! Siku ile tuliuona uso wake unang'aa.

Kabla ya kurudi akatwambia uamuzi wake. Shahada ataimaliza, ila haendi kwenye uwakili. Anataka kuandika mikataba ya wafanyabiashara wadogo, na wanawake waanze kwanza. Hatutawadanganya, ilituuma. Lile joho tulishalishona vichwani mwetu.

Dada uliye njia panda, jiulize haya:

Nimechoka, au sipendi? Uchovu hupumzishwa.

Ninachokimbia ni kazi nzima, au ni sehemu yake?

Nimemuuliza anayeifanya, au nimewauliza majirani tu?

Nawe biharusi mtarajiwa, kama unataka kumaliza masomo, liseme wazee wanapozungumza mahari, na liandikwe. Mdogo wetu alifanya hivyo, na mchumba wake akaridhia.

Nasi tunaolipa ada tukumbuke: sadaka haina masimango. Juzi mteja katuuliza, "Wakili wenu hajambo?" Tukamjibu, "Mdogo wetu hajambo, alhamdulillah."

Allah awafungulie wasichana wetu milango yenye kheri nao, na atupe sisi moyo wa kuridhia. Amin.