Oksijeni na Mguu Usiopumzishwa

Nilisoma uuguzi nikiwa kijana na nikastaafu nikiwa bado mfungaji vidonda. Yaliyo katikati hayatofautiani sana na ya wenzangu, isipokuwa ubishi mmoja ambao sijauacha. Ni ubishi juu ya donda ndugu la mguu wa mwenye kisukari, na juu ya wale wanaoliharakishia oksijeni. Msimamo wangu ni kwamba oksijeni hulisaidia donda pale tu mguu umepumzishwa, nyama iliyokufa imeondolewa na damu ina njia ya kufika.

Tiba yenyewe siibezi. Hemoglobini ya damu itokayo moyoni huwa imejaa oksijeni karibu yote, hivyo barakoa peke yake huongeza kidogo mno. Shinikizo ndilo hubadili mambo: mtu akivuta oksijeni tupu katika chumba cha angahewa 3, kila mililita 100 za damu yake hubeba takriban mililita 6 za oksijeni iliyoyeyuka, badala ya 0.3 za kawaida. Chembe nyeupe za damu huitumia oksijeni hiyo kuua bakteria, na kovu halisukwi bila hiyo. Huko Helsingborg, Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha asilimia 52 ya waliotibiwa hivyo walipona ndani ya mwaka, dhidi ya 29 waliovutishwa hewa ya kawaida chumbani humo humo. Lakini mwaka 2016 Wakanada hawakuona tofauti yoyote. Watetezi wa chumba hujibu kwamba huko haja ya kukata mguu ilipimwa kwa picha, na ufuatiliaji ulikuwa wa wiki 12 tu. Kasoro hizo nazikubali. Hata hivyo hazigeuzi matokeo hayo kuwa ushindi.

Linganisha sasa na hogo, yaani plasta ngumu inayoupumzisha mguu. Daktari Paul Brand aliwafunga plasta wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India, kwa sababu aliona kwamba mguu wenye ganzi huumizwa na hatua za mwenyewe. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, hogo liliponya karibu vidonda 9 kati ya 10 vya nyayo kwa wiki 12. Nitaambiwa kwamba wagonjwa hao walikuwa na damu ya kutosha miguuni, na ni kweli. Ndiyo maana nasema mapigo ya mguu yapapaswe kwanza. Hata oksijeni inayoelekezwa kwenye kidonda moja kwa moja, iliyofanya vizuri mwaka 2020, ilijaribiwa kwa watu waliokwisha kupewa viatu vya kuondolea kidonda uzito wa mwili.

Enyi vijana mnaoandika vikao 40 vya dakika 90, jiulizeni mgonjwa atakifikiaje chumba kila siku. Katika utafiti wa Uholanzi, kati ya 60 waliopangiwa tiba hiyo, ni 39 tu walioimaliza. Asiye na gari wala hogo atalikanyaga donda lile lile kwenda na kurudi, mara 40.