Kabati la Nyanya na Mafundi wa Tabaka

Ukisafiri kutoka Nairobi kupitia Narok, Bomet na Sotik, utajua umeingia Nyamira pindi hewa inapokuwa baridi na mashamba ya majani chai yanapopanda na kushuka vilima. Mbele kidogo ni Keroka, mji uliokaa mpakani, mguu mmoja Nyamira na mwingine Kisii. Kando ya barabara maseremala wa jua kali huranda mbao, na makabati mapya humetameta kwa vanishi. Usiharakishe kutoa pesa, msomaji. Likumbuke kwanza kabati lililo jikoni mwa nyanya.

Unalijua vyema. Moshi wa kuni umelitia weusi, mafuta yameganda kwenye vipini, na mlango mmoja umelegea. Wajukuu wanaotoka mjini kila Desemba husema lipasuliwe liwe kuni. Nyanya hunyamaza. Humo ndimo alimoweka sukari, stakabadhi za majani chai na risiti za karo za watoto wake wote.

Kabla hujaamua, shika barabara ya Migori kutoka mjini Kisii, ukunje kuelekea Tabaka. Huko ndiko kunakochimbwa mawe ya sabuni: meupe, ya waridi na ya kijivu. Wachongaji wa huko wamefika mbali. Kazi ya Elkana Ong'esa imo katika makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini watazame akina mama, ambao aghalabu ndio wasuguaji. Wasalimu asubuhi, "Bwakire", nao watakuitikia, "Bwakire buya", bila kuacha kazi. Huketi mbele ya karai la maji wakisugua kwa msasa uliolowa, na maji hayo hupunguza vumbi linaloingia mapafuni. Jiwe likikauka juani hupakwa rangi. Kisha fundi hukwaruza maua na wanyama kwa ncha kali, na weupe wa jiwe hutokea. Mwisho hung'arishwa kwa nta.

Kabati nalo hutengenezwa kwa njia iyo hiyo ya kupaka na kuondoa. Fungua milango, toa bawaba na vipini, kisha uoshe masizi kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Acha mbao zikauke kabisa. Sugua kwa msasa ukifuata nyuzi za mbao, usikate kingamo. Kama lina rangi ya zamani, lowesha msasa kama wafanyavyo akina mama wa Tabaka, kwa sababu rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi, na watoto wasiwe karibu.

Paka mkono mmoja wa vanishi ili mbao zisinywe rangi kwa mabaka. Ikikauka, paka rangi nyepesi ya kahawia, mlango mmoja kwa wakati. Kabla haijashika, ifute kwa kitambaa cha pamba. Itabaki pembeni na kwenye mifuo, na hapo ndipo michoro ya seremala wa zamani itakapojitokeza tena. Malizia kwa mikono miwili ya vanishi isiyo na rangi.

Usiwe na haraka. Huku mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na vanishi iliyopakwa siku ya unyevu hukawia kukauka na huweza kufifia. Fanya kazi hiyo nje, mbali na jiko. Vitambaa vyenye mafuta ya rangi usivirundike. Vinaweza kujiwasha moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke.

Jambo la mwisho ndilo kubwa. Muulize nyanya kabla hujagusa chochote. Huenda atataka alama moja isisuguliwe, ile ya kisu au ya sufuria ya moto, kwa kuwa anajua iliachwa na nani. Iache.

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Kabati la Keroka litakungoja. La nyanya likishapasuliwa, halirudi.