Aya ya Kumi na Nne

Mwaka wa 2014, katika shule moja ya kutwa karibu na Migwani, tulisoma Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora kwa zamu. Unasimama, unasoma aya moja, unakaa, anasimama mwingine. Kazi yangu ilikuwa hesabu tu: vichwa vilivyo mbele yangu, kisha aya. Nikiijua yangu, naifanyia mazoezi kimoyomoyo mpaka zamu ifike. Aya za wenzangu? Sikuzisikia. Nani alizisikia?

Hatukuogopa msamiati. Tuliogopa r. Kikamba hakina r, kwa hivyo ukiharakisha kidogo tu, "barabara" inatoka "balabala" na darasa zima linaangua kicheko. Darasa la Wakamba watupu, eti! Jirani yangu wa dawati alikuwa akisimama, anatazama ukurasa, ananyamaza. Siku moja nikamnong'onezea neno ambalo halikuwepo. Akalisema kwa sauti. Nilicheka kuliko wote. Tangu siku hiyo, kipindi cha Fasihi kikifika, yeye hayupo.

Muhula wa pili akaja mwalimu wa mazoezi, kijana wa chuo. Alisoma yeye mwenyewe, sisi tukifuata kwa macho, Mtemi Nasaba Bora akimpa sauti nzito mpaka darasa la jirani likachungulia dirishani. Hakuuliza swali. Halafu tunarudia ukurasa uleule wawili wawili, kwa sauti ya chini, bila mtu kusimama. Habari zikamfikia jirani yangu, akarudi. Tulipofika pale Mwalimu Majisifu anapoiba mswada wa Amani, akaropoka, "Huyu si ni mwizi!" Hakuna aliyecheka. Nikamsogezea kitabu, tukasoma. R zake na zangu zilikuwa zilezile.

Muhula ukaisha, mwalimu akarudi chuoni, nasi tukarudi kwenye zamu, kisha kwenye mwongozo. Mtihani niliupita vizuri, asante mwongozo.

Disemba iliyopita nilimkuta kwenye steji ya boda pale Migwani. Baada ya salamu akaniuliza, "Na yule mwalimu mwizi, mwishowe alishikwa?"

Nikafungua mdomo, nikajikuta namtajia maudhui. Ufisadi, tamaa, unafiki.

"Hapana, nakuuliza hadithi."

Nilimwomba msamaha wa lile neno. Akasema halikumbuki, akiangalia kando. Kitabu bado ninacho nyumbani, mistari ya kalamu imeishia katikati. Nimeanza tena ukurasa wa kwanza. Amesema nikimaliza nimpelekee.