Mwanafunzi wa Mkiwa

Mwalimu mmoja wa ushairi, mzaliwa wa Unguja anayefundisha katika chuo kikuu kimoja cha Bara, hajapata kushuka Mkiwa. Ameipita tu, akiwa dirishani mwa basi: nyumba za kandokando ya lami katika wilaya ya Ikungi, wachuuzi wenye kuku na madumu ya mafuta ya alizeti, malori yaliyopumzika, na ile njia panda ambapo barabara ya Itigi na Rungwa inaiacha ile itokayo Dodoma kwenda Singida. Jina la mahali ni la wenyewe. Lakini sikio la mtu wa pwani halina budi kusikia ndani yake mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumwita. Mara zote mbili alizopita hapo mwalimu alitabasamu kwa jina hilo, kisha akasahau. Mwaka 2020 ulimkumbusha.

Tarehe 16 Machi mwaka huo Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona. Kesho yake skuli zikaamriwa kufungwa, na tarehe 18 vyuo vikuu vikafuata. Wanafunzi walibeba magodoro na mabegi, wakatawanyika kila mmoja kwa njia yake. Mwalimu naye akavuka bahari kurudi kwao, akiamini kwamba jambo hilo lingechukua wiki mbili au tatu. Hakuwa peke yake katika dhana hiyo. Dunia nzima ilikuwa ikifunga madarasa. Kwa hesabu ya UNESCO, wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walikuwa majumbani. Jirani zetu wa Uganda, waliofunga tarehe 20 Machi, hawakuzifungua skuli zao zote hadi Januari 2022.

Ratiba rasmi ya masomo ilisimama, lakini mwalimu hakupenda kukaa bure. Aliandika mihadhara yake kwa uangalifu, ukurasa baada ya ukurasa, akaituma katika kundi la darasa kwenye simu: historia ya utenzi, bahari za ushairi, uhakiki. Wanafunzi wachache walijibu kwa shukrani, wengine wakauliza maswali mazuri. Kila mhadhara uliopokewa hivyo aliutia alama ya vema katika daftari lake. Mwishoni mwa Aprili daftari lilionyesha kwamba nusu ya kozi imekwisha. Alilala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Katikati ya Mei alimpigia simu mwanafunzi mmoja, binti aliyekuwa hodari wa kuuliza darasani na ambaye hakuonekana kundini hata siku moja. Simu ilipokelewa kwa mlio wa lori lililokuwa likibadilisha gia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona kimya? Uko wapi?"

"Niko nyumbani, Mkiwa. Simu yangu ilivunjika, hii ni kitochi ya mama. Kwani kuna kitu kimetumwa?"

Mwalimu alinyamaza kitambo. Ilikuwa miezi miwili. Binti alikuwa shambani, akivuna alizeti pamoja na mama yake, na jioni akiuza kuku njia panda kwa abiria walioogopa kuteremsha vioo. Kuhusu masomo alijua tu kwamba yamesimama.

Tangu siku hiyo mwalimu alimpigia kila baada ya magharibi kwa muda wa wiki mbili. Hakukuwa na ukurasa wa kusoma wala ubao wa kuandikia. Palikuwa na sauti tu. Alimsomea shairi la tarbia polepole, ukwapi kisha utao, akamtaka ahesabu mizani. Binti alikuwa akikaa kizingitini na sahani ya mbegu za alizeti, na kwa kila silabi akisogeza mbegu moja: nane huku, nane kule. Usiku mmoja mwalimu alimtongolea ubeti alioutunga mwenyewe, uliokuwa ukimpendeza sana. Simu ilipokuwa kimya akadhani mtandao umekatika.

"Mwalimu, mshororo wa tatu umepungua mbegu moja."

Akahesabu kwa vidole. Kweli, utao ulikuwa na mizani saba. Ubeti huo alikwisha wasomea watu wengi, na hakuna aliyelisikia pengo lile.

Alifurahi kuliko alivyoona haya. Alimweleza binti habari ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambaye mashairi yake yalikaa vifuani mwa watu baada ya yeye kufariki mwaka 1840, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipomsaidia Mwingereza W. E. Taylor kuyakusanya, diwani yenyewe ikachapwa mwaka 1940, karne nzima baadaye. Ushairi wetu, alisema, ulisafiri kwa sikio kabla ya kusafiri kwa karatasi. Basi na kitochi chaweza kuwa chuo. Alipoyasema hayo alijiona amelitatua tatizo.

Binti alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akauliza: "Mimi umenipigia, mwalimu. Na wale ambao hukuwapigia?"

Hakuwa na jawabu.

Tarehe 1 Juni vyuo vilifunguliwa tena. Ratiba ilibanwa ili kufidia siku zilizopotea, na mtihani wa muhula ulikuwa ukikaribia. Siku ya kwanza mwalimu aliingia darasani na daftari lake lenye vema nyingi. Aliwaomba walioipata mihadhara yote wanyooshe mikono. Iliinuka michache, na karibu yote ni ya vijana wa mijini. Akauliza tena, safari hii nani hakupata hata mmoja. Mikono ilipanda kwa haya, mmoja baada ya mwingine, mpaka safu za nyuma zikawa kama shamba la mtama. Binti wa Mkiwa hakunyoosha. Alikuwa akimtazama tu.

Mwalimu alizifuta vema zake zote, akaanza upya. Uamuzi huo haukuwapendeza wote. Waliokuwa wamesoma walilalamika kwamba wanarudishwa nyuma, na haki walikuwa nayo. Mada mbili hazikufikiwa kabisa, na moja ilikuwa ile aliyoipenda mwalimu kuliko zote. Kundi lile la simu limebaki hadi leo, nalo lina manufaa yake. Hakuna mwenye akili atakayekichoma chombo kwa kuwa hakikuwabeba abiria wote. Lakini tangu hapo mwalimu hatii alama kwa sababu ametuma. Hutia alama anaposikia kwamba limefika.

Ubeti wake ameurekebisha, na mshororo wa tatu sasa umetimia. Na kila asikiapo jina la Mkiwa hakumbuki tena yule mtu wa kamusi aliyeachwa peke yake. Humkumbuka binti wa kizingitini na sahani ya mbegu, aliyesikia kwamba moja imepungua wakati yeye, mwenye daftari, alikuwa ameandika kwamba zote zimetimia.