Siku moja katika shimo la Ann Arbor

Sisi wa Kolwezi tunajua shimo. Tumezaliwa kando ya karieri. Tunajua namna mtu anasimama juu kwenye ukingo, anatazama chini, na kamyo kubwa inaonekana kama mchezo wa mtoto. Kwa hiyo sitawadanganya: siku niliyoingia katika uwanja wa mpira wa universite ya Michigan, kule Ann Arbor, Marekani, nilizania nimerudi nyumbani.

Kwa inje uwanja ule hauonyeshi kitu. Unapita mlango, unatembea hatua chache, kiisha miguu inasimama yenyewe. Chini yako kuna bakuli, na ndani ya bakuli kuna watu zaidi ya laki moja. Sehemu kubwa ya uwanja ilichimbwa katika udongo. Ulifunguliwa mwaka 1927 ukiwa na nafasi ya watu 72,000. Leo hesabu yake ni 107,601. Udongo wa pale ulikuwa na maji mengi, na watu wa mji wanapenda kusimulia kwamba mashini moja ya kuinulia vizito ilizama wakati wa kazi, na hata leo iko chini ya majani. Nilicheka. Hadisi za namna ile hata kwetu zinapatikana.

Nilikwenda kule sababu ya neno la jamaa. Mwezi wa nane 2022 nilifika kwa ndugu yangu mdogo, anayekaa Grand Rapids, katika jimbo lile la Michigan, pamoja na mke na watoto. Wakongo ni wengi katika mji ule. Kiswahili chetu unakisikia hata katika duka la unga. Lakini nyumbani hapakuwa na amani. Kijana wake wa kwanza, mwenye miaka 17, alikuwa akicheza mpira wa Kimarekani katika masomo ya sekondari. Mwalimu wa mchezo wa chuo kimoja kidogo alikuwa amempigia simu, akamwambia: njoo kwetu, utacheza, utasoma. Kijana alifurahi. Baba yake alikataa.

"Yaya," ndugu yangu akaniambia, "weye njo mukubwa. Usemeshe huyu mutoto. Miye sitaki bauzishe mwili ya mutoto wangu."

Sikuelewa. Kuuza mwili namna gani? Akasema: "Twende Ann Arbor, utajionea."

Basi tarehe 17 ya mwezi wa tisa tukaondoka asubuhi, sisi watatu. Safari inapita saa mbili kwa gari. Tulipokaribia, niliona magari yamepangwa hata juu ya majani ya uwanja wa golfu. Nyuma ya kila gari watu walikuwa wanachoma nyama, wazee na watoto pamoja, kama siku ya arusi. Karibu wote walivaa rangi mbili: buluu na manjano. Manjano ile wenyewe wanaiita rangi ya mahindi. Nikasema moyoni, hawa wanaweza kuelewana na sisi walaji wa bukari.

Sasa nieleze mchezo kidogo, kwa wasomaji wasioujua. Mpira wao si wa mviringo. Ni kama papai ndogo, na wanauchukua kwa mikono zaidi kuliko kwa miguu. Wachezaji ni 11 kila upande, nao wanavaa kofia ngumu kama watu wa shimoni. Ekipe inapewa mara nne kuupeleka mpira mbele yadi 10, maana yake karibu metre 9. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wengine. Ukiufikisha mpira katika eneo la mwisho, unapata pointi 6, na nafasi ya kuongeza moja kwa mguu. Ukipiga mpira kwa mguu kutoka uwanjani ukapita katikati ya miti miwili, ni pointi 3.

Siku ile Michigan walipambana na Connecticut. Nasema walipambana, lakini neno halifai. Kabla ya mapumziko mambo yalikuwa yamekwisha. Kijana mmoja wa Michigan, Blake Corum, alifikisha mpira mwisho mara tano peke yake. Wenzake walimpokea wakicheka. Mechi ilikwisha 59 kwa 0.

Nilitazama vijana wa Connecticut wakitoka, kofia mkononi. Nikakumbuka Ujerumani, mwaka 1974, Leopards wetu wa Zaire walipopigwa na Yugoslavia 9 kwa 0. Nilikuwa kijana, redio ilikuwa kwa jirani, na ilipofika bao la sita yule mzee akaizima bila kusema neno. Wachezaji wale walikuwa na manunguniko makubwa juu ya feza walizoahidiwa. Tangu siku ile sipendi kucheka ekipe inayopigwa. Mara nyingi kuna hesabu ambayo sisi watazamaji hatuioni.

"Njo vile kila mwaka," ndugu yangu akasema. "Mwezi wa tisa, bakubwa banaita badogo, banabalipa, banabapiga."

Na ni kweli. Vyuo vikubwa vinataka mechi za kwanza nyumbani kwao, mbele ya watu wao, na adui asiye na nguvu nyingi. Vyuo vidogo vinataka feza. Basi wanaandika mkataba. Mwaka 2012 chuo cha Savannah State, chuo cha kihistoria cha watu weusi katika jimbo la Georgia, kilikwenda kwa Oklahoma State kikapigwa 84 kwa 0. Juma lililofuata kilikwenda kwa Florida State, kikapigwa 55 kwa 0, na mechi ile ilikatwa kabla ya mwisho sababu ya radi. Kwa safari zile mbili chuo kilipata karibu dola 860,000.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1916 chuo kidogo cha Cumberland, cha Tennessee, kilikuwa kimekwisha kuacha mpira. Lakini mkataba na Georgia Tech ulikuwa unasema: msipokuja, mtalipa dola 3,000. Wanafunzi wakakusanyana tu, wakapanda gari la moshi mpaka Atlanta. Walipigwa 222 kwa 0. Hesabu ile haijapitwa mpaka leo katika mpira wa vyuo.

"Unasikia?" ndugu yangu akasema. "Paka sawa kreseri mwenye deni. Anashuka mu shimo, haiko juu anapenda, ni juu ya ile karatasi alitia sinyatire."

Hapo kijana, aliyekuwa amenyamaza saa nyingi, akafungua kinywa. "Papa, haukumuambia baba mukubwa yote. Posho yenye ilipita ilikuwa nini?"

Baba yake akanyamaza. Basi kijana akanisimulia mwenyewe. Siku saba tu mbele yake, tarehe 10 ya mwezi wa tisa, Texas A&M, walioandikwa wa 6 katika inchi nzima, walikuwa wamelipa Appalachian State dola milioni moja na nusu waje wapigwe. Appalachian State wakashinda 17 kwa 14. Siku ile ile Marshall wakashinda Notre Dame 26 kwa 21, na Georgia Southern wakashinda Nebraska 45 kwa 42. Wakubwa watatu katika siku moja!

"Tena bale ba Appalachian," akasema, "balianzia hapa hapa, mu hii shimo."

Nikageuka kutazama tena yale majani. Ilikuwa tarehe 1 ya mwezi wa tisa 2007. Appalachian State wanatoka Boone, mji mdogo wa milimani katika North Carolina, kama metre 1,000 juu ya bahari. Zamani kilikuwa chuo cha kufundisha walimu. Mwaka ule kilikuwa katika daraja la chini, na Michigan walikuwa wa 5 katika inchi. Michigan waliwalipa dola 400,000. Mpaka siku ile, hakuna ekipe ya daraja lile iliyokuwa imeshinda ekipe ya daraja la juu iliyoandikwa katika orodha ya walio bora.

Wakati wa mapumziko watu wa Boone walikuwa mbele, 28 kwa 17. Michigan wakarudi, wakapita, 32 kwa 31. Zilipobaki sekunde 26, Julian Rauch akapiga mpira kwa mguu katikati ya miti: 34 kwa 32. Michigan wakarusha mpira mrefu, wakafika karibu, wakasimama kuupiga ili washinde. Corey Lynch wa Boone akaruka, akauzuia kwa mwili wake, akauokota, akakimbia nao mpaka saa ikaisha. Watu zaidi ya laki moja wakanyamaza. Kule Boone wanafunzi wakaingia katika uwanja wao, uliokuwa mtupu, wakang'oa mti wa goli, wakaubeba mpaka nyumbani kwa mkubwa wa chuo.

"Bahati," ndugu yangu akasema.

Kijana akatikisa kichwa, na hapa ninakubaliana naye. Vijana wale hawakuokotwa njiani kama wa Cumberland. Walikuwa mabingwa wa daraja lao mwaka 2005 na 2006, na mwaka ule wa 2007 wakawa mabingwa tena. Mwalimu wao, Jerry Moore, alikuwa nao tangu 1989. Walikuwa na mbio na walijua kazi yao. Walikubali feza za mkubwa, lakini hawakukubali kwamba mambo yamekwisha andikwa. Hata hivi, tusijidanganye upande wa pili. Mwaka 2014 Michigan waliwaita tena hapa, wakawapiga 52 kwa 14. Shimo halibadiliki sababu mtu mmoja alitoka humo na mukuba mzuri.

Tuliketi nyuma ya gari tukila kuku, tukingoja njia ifunguke. Nikaona kwamba baba na mtoto wote wawili wanasema kweli, kila mmoja nusu. Nikamuuliza kijana: "Dola zile 400,000 za mwaka 2007, mchezaji alipata ngapi?"

"Zero," akajibu. Sheria za wakati ule zilikataza. Mchezaji alipata bursi ya masomo tu. Tangu 2021 wachezaji wanaruhusiwa kupata feza kwa jina na sura yao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Lakini katika vyuo vidogo feza zile si nyingi.

Nikamwambia: "Basi mshahara wako ni masomo. Nilitengeneza mashini miaka 31. Sikushuka hata siku moja bila kuuliza taa iko wapi na nani anashika kamba. Weye pia uulize. Kwanza, bursi ni nzima ao nusu? Pili, ukivunjika mguu, nani analipa daktari, na bursi inabaki? Tatu, wale waliocheza mbele yako, wangapi walipata diploma? Wakijibu vizuri kwa maandiko, papa yako atatia sinyatire. Wakikuzungusha, utabaki."

Ndugu yangu akatazama chini, kiisha akasema: "Na namba ine, yaya. Apigie mama yake simu kila siku ya yenga." Tukacheka wote watatu.

Kijana aliuliza. Chuo cha kwanza, kile kilichompigia simu, kilimzungusha. Cha pili kilijibu kwa barua, na mwaka 2023 akaingia huko. Anasoma mambo ya mashini za umeme.

Mwezi wa tisa 2024 wakaitwa kwa chuo kimoja kikubwa. Usiku simu yangu ikalia hapa Kolwezi.

"Baba mukubwa, balitupiga. Tulipitwa na pointi zaidi ya 40."

"Pole, mwanangu. Uliingia?"

"Mu robo ya mwisho. Niliangusha mumoja wao, mukubwa sana."

"Na mguu?"

"Iko muzima. Kesho saa mbili niko na egzame ya umeme."

Nikamwambia akalale.