Kijiti cha jirani



Mwaka 2025, benki za Goma zilipofungwa na mshahara wangu ukakwama, nilitaka walau sombe itoke kwenye parseli yetu hapa Keshero. Mama jirani akanipa vijiti kumi vya muhogo. Niliona majani ya mihogo yake yamejikunja, yana madoa ya manjano, lakini nikaona haya kukataa zawadi. Nikaondoa mawe ya volkano, nikajaza udongo, nikapanda.

Majani yakatoka yale yale: madogo, yamejikunja. Ni ugonjwa wa mozaiki. Unakaa ndani ya kijiti, nzi weupe wadogo wanausambaza, na hauna dawa. Niling'oa yote huku nalia, nikayachoma.

Siku hiyo nikamwambia jirani ukweli. Hakukasirika, naye aling'oa yake. Tukaenda pamoja kutafuta vijiti vya mihogo iliyokomaa, yenye majani mapana yasiyo na doa.

Leo kila mmoja anachuma sombe kwake. Tunaitwanga na kuichemsha sana, maana mbichi ina sumu.

Mama, usiogope: angalia majani kwanza, ndipo upokee kijiti.